Karata zilizotokea kwenye screen ya kupimia maziwa, Ruiru

Wakuu, salaam kwa wote, mlioamka na ambao bado mko kwa blanketi na simu.

Hii stori nimewahi kuisimulia mara moja tu, kwenye matanga, na watu wakacheka mpaka mwenye matanga akatuangalia vibaya. Leo nimeona niiweke hapa.

Karibu yote niliyaona kwa macho yangu. Mahali nilipoambiwa nitasema niliambiwa. Chumvi sijaongeza, iliyomo ilikuwa imo tayari.

Mwisho wa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa kompyuta Thika. Mvua ya El Niño ilikuwa imeshapita lakini barabara zilikuwa hazijapona. Siku hizo fundi wa kompyuta aliheshimiwa. Ukitembea na screwdriver mfukoni, watu walikusalimu kama daktari na kukuuliza kuhusu redio yao.

Duka lilikuwa la tajiri wangu, mtu mpole ambaye alitupa sheria moja tu: "Waya ni yetu, watu ni wao." Maana yake, usiingilie mambo ya mteja. Funga waya, chukua sahihi, rudi Thika.

Sasa kulikuwa na mteja wetu mmoja, chama cha ushirika cha maziwa upande wa Ruiru ukielekea Theta. Jina sitaji. Wakulima walikuwa wanaleta maziwa asubuhi, karani anapima kilo, kisha anaingiza namba ya mwanachama na kilo zake kwenye kompyuta iliyokuwa pale pale jukwaani, kando ya mizani.

Shida ni kwamba mahali pa maziwa panaoshwa. Maji moto, mpira, sabuni kali, kila siku.

Kompyuta ya kwanza ilikunywa maji ikafa. Ya pili ikakunywa sabuni.

Kamati ikakaa, ikaamua kompyuta ihamie ofisini kwa manager, ambako kuna zulia na kufuli, na pale jukwaani ibaki screen, keyboard na mouse peke yake. Uamuzi mzuri. Isipokuwa ofisi ilikuwa ng'ambo ya uwanja, ukipita kibanda cha chai na mahali lori linapogeuzia, na cable ya kawaida ya screen ni fupi kama kamba ya mbuzi mtukutu.

Tajiri wangu alikuwa ameleta kutoka Nairobi tuboksi tuwili ambato nilikuwa sijawahi kuona.

Kwa nyinyi vijana wa wireless, wacha nieleze kidogo. Boksi moja linakaa kando ya kompyuta. Linameza picha ya screen pamoja na keyboard na mouse, halafu linavisukuma vyote ndani ya cable moja nyembamba yenye vijiwaya vilivyosokotwa viwili viwili. Boksi la pili liko mwisho wa cable. Linavipokea, linavirudisha vilivyokuwa, na wewe unafanya kazi mbali na kompyuta kama vile uko nayo.

Mbona visokotwe? Chukua watu wawili waliotumwa, wanapita sokoni wameshikana mikono. Kelele za soko zinawaingia wote wawili sawasawa. Wakifika, wanalinganisha: kile walichosikia wote kwa namna moja ni kelele, wanakitupa. Kinachobaki ni ule ujumbe waliotumwa nao. Ndivyo pair inavyofanya kazi. Ukizitenganisha nyaya, kila moja inafika na uongo wake.

Tajiri alitaka kwanza tutumie cable bapa ya simu iliyokuwa imebaki stoo, ile isiyosokotwa. Nikaifunga. Mashine ya kupoza maziwa ilipowaka, screen ikaanza kuyumba kama mtu ametoka harusini. Tukaitoa, tukaweka iliyosokotwa, picha ikatulia.

Nikageuza kascrew ka kukaza picha mpaka herufi zikaacha kivuli. Nilisikia raha siwezi kueleza.

Mambo mawili kuhusu ile kazi, kisha niingie kwa stori.

La kwanza. Wakulima wa pale walikuwa na desturi yao. Mizani ya zamani ilikuwa na uso mkubwa kama saa ya ukutani, na hakuna mtungi uliotoka juu yake kabla mwenye maziwa hajasema "nimeona." Karani akiutoa mapema, ni vita. Kwa hivyo walipoletewa kompyuta walisema screen iangalie foleni. Karani alikaa ubavu, akiandika, na foleni nzima inasoma pamoja naye.

La pili. Manager wa chama alikuwa mzee wa kanisa, na kila mtu alimwita Elder mpaka hakuna aliyekumbuka jina lake lingine. Elder aliponiona nikifunga screen kwa jukwaa, akasema na yeye anataka "TV" yake hapo ofisini. Boksi lilikuwa na soketi ya hiyo kitu, nikamfungia screen, keyboard na mouse.

Nikamwambia, "Elder, kile Zuhura anaona ndicho wewe unaona. Na kile wewe unaona ndicho wao wanaona."

Akasema, "Sawa sawa, kijana. Kazi safi."

Hiyo sentensi nimeifikiria miaka mingi. Nadhani nusu ya kwanza iliingia. Nusu ya pili haikupata mahali pa kukaa, kwa sababu yeye ndiye alikuwa mkubwa, na kazi ya mkubwa ni kuona wengine.

Zuhura ndiye alikuwa karani. Mama wa Ruiru mjini, anakaa karibu na msikiti, mumewe fundi wa magari. Babu yake alitoka Tanganyika, bibi yake alikuwa Mkamba, na yeye mwenyewe aliongea Kikuyu kunishinda mimi niliyezaliwa nacho. Wakulima walimpenda kwa sababu hakuwahi kukosea kilo. Nilimpenda kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza boksi linafanya nini badala ya kuniuliza ni pesa ngapi.

Basi nikarudi Thika. Kazi imeisha, waya ni yetu.

Kilichofuata niliambiwa na Zuhura.

Asubuhi kukiwa na foleni kompyuta ilikuwa ya maziwa tu. Lakini foleni ikiisha, Zuhura alikuwa anainuka kwenda kupima maziwa ya waliochelewa, kuangalia kama yametiwa maji, na kusimamia kuoshwa kwa mitungi. Akina mama wangekaa kwenye benchi wakingoja mitungi yao ikauke. Screen iko hapo mbele yao, haina kazi.

Siku moja ikageuka kijani. Kisha karata zikajipanga.

Ulikuwa ule mchezo wa karata unaokuja ndani ya kompyuta, wa kucheza peke yako. Nasikia Elder alionyeshwa na mpwa wake, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa amepanga kule Kahawa Wendani. Alifunga mlango wa ofisi, akavuta pazia, akahakikisha hakuna anayemwona, akacheza mbele ya benchi zima la akina mama.

Ila wao hawakumwona Elder. Waliona karata kwenye screen ya Zuhura.

Kabla ya Jumapili habari zilikuwa zimefika Theta. Karani anacheza kamari kwa kompyuta ya chama.

Elder aliposikia alikasirika sana, na naamini alikasirika kwa kweli. Akamwita Zuhura ofisini. "Alinisomea Biblia," Zuhura aliniambia, "mimi Mwislamu. Nikamsikiliza mpaka amina." Alimwambia karata ni mlango wa shetani, na kwamba chama hakiwezi kuvumilia.

Wakuu, mimi simwiti Elder mnafiki, ingawa najua mtasema. Nafikiri kichwani mwake kulikuwa na karata mbili tofauti. Za ofisini zilikuwa mapumziko. Za jukwaani zilikuwa kamari.

Zuhura alifanya kile mtu yeyote mwenye akili angefanya. Siku iliyofuata, karata zilipotokea, aliinuka akaenda kusimama mbali, kando ya tangi, akainua mikono juu akasema, "Nyinyi wote niangalieni. Nimeshika nini?"

Karata zikaendelea kutembea. Nyekundu juu ya nyeusi, nyeusi juu ya nyekundu, polepole, mtu akifikiria katikati.

Kama Zuhura angekuwa Mkristo, hapo ingekuwa imeisha. Wangesema kompyuta ni mbovu, waniite. Lakini mama mmoja pale kwenye benchi akasema lile neno. Majini.

"Hao watu wako nayo," akasema. "Yanatoka Mombasa."

Zuhura hakuwa amewahi kufika Mombasa. Mahali pa mbali zaidi alikowahi kwenda ni Machakos, kwa bibi yake.

Hapo ndipo mambo yaliharibika. Watu wakaanza kupeleka maziwa kwa mfanyabiashara wa pickup aliyekuwa akisimama barabarani, ambaye mizani yake ilijulikana na kila mtu. Afadhali kuibiwa na mtu kuliko kupimiwa na jini. Binti ya Zuhura akaulizwa shuleni kama jini lao linalala chumba gani. Mama mmoja aliyekuwa akimletea Zuhura mboga kila wiki akaanza kuweka mtungi chini na kurudi nyuma, asiguswe mkono.

Kamati ikamwita pasta aje aombee screen.

Mnakumbuka zile screen za zamani, nene kama friji, ukizipitishia mkono nywele zinasimama? Pasta aliomba vizuri, kwa sauti, halafu akaiwekea mkono kioo. Ikampiga kacheche, ta! Akaruka nyuma. Watu wote walisikia.

Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na swali.

Elder akatangaza mkutano wa wanachama, Jumamosi baada ya maziwa, waamue kama Zuhura ataendelea au ataenda nyumbani. Na kila mtu alijua si kazi hiyo tu iliyokuwa hatarini. Ruiru ya wakati huo ilikuwa ndogo. Nani angemwandika karani aliyefukuzwa kwa sababu ya jini?

Ndipo wakapiga simu Thika. Tajiri akaniambia, "Chama cha maziwa wanasema kompyuta imeingiliwa. Enda uone kama ni virusi."

Nilifika Ijumaa. Zuhura alinieleza yote. Sikuhitaji hata kufungua begi. Karata zilitokea nikiwa nimekaa kando yake, nikaangalia mshale wa mouse ukisitasita juu ya malkia, kisha nikaangalia ng'ambo ya uwanja, nikaona pazia la ofisi limefungwa saa nne ya asubuhi na jua lote lile.

Nilivuka uwanja, nikabisha. Nikasikia kiti kikisogezwa.

"Elder," nikamwambia, "hizo karata zinatoka kwa hii TV yako."

Aliniangalia kwa huruma. "Kijana. Unajua mimi ni nani kanisani?"

"Najua, Elder. Lakini nilikuambia, kile unaona..."

"Hiyo waya nimeiangalia. Ni nyembamba kama ya simu. Itabeba aje picha yote hiyo? Na tena irudi nyuma?" Akainuka. "Shida yako ni umesoma mashine, hujasoma binadamu. Huyo mama ako na kitu. Ukiendelea na hayo maneno nitampigia tajiri wako."

Alimpigia kabla sijafika kibanda cha chai. Nikaitwa nirudi ofisini, na nilipopewa simu, tajiri wangu aliniambia ile sentensi yake ya waya na watu. Mara ya kwanza maishani nikaichukia. Niliona aibu kusimama pale na begi langu la screwdriver nikijua ukweli wote na usinisaidie kitu.

Nikarudi kwa Zuhura nikamweleza. Hii haikuwa siri ya mtu, ilikuwa cable yangu. Nikamwonyesha inapoingia, inapopita, inapotokea.

Hakulia wala hakutukana. Aliuliza maswali mawili tu.

"Hii mouse yangu mimi, inafika kwake?"

"Inafika."

"Nikiisukuma, ya kwake inasonga?"

"Mshale ni mmoja, Zuhura. Mnaushika wawili."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuosha mitungi.

Jumamosi nilirudi. Tajiri hakunituma, nilijituma mwenyewe. Watu walikuwa wamejaa pale jukwaani, hata wale waliohamia kwa pickup, maana hakuna anayekosa mkutano wa jini. Mwenyekiti wa kamati alikuwa amevaa koti. Pasta alikuwa amesimama mbali na screen. Mbele kabisa kwenye benchi alikaa Cucu Peris, mwanamke mzee wa ng'ombe wawili, aliyejulikana kwa kuuliza mambo ambayo wengine wanaogopa kuuliza.

Elder hakuwa ametoka. Mwenyekiti alisema Elder yuko ofisini anatayarisha maneno yake.

Screen ikageuka kijani.

"Uuui!" benchi likasema. Watu wakarudi nyuma, wengine wakaanza kuomba.

Sijui kwa nini Elder alicheza siku hiyo. Labda alikuwa na wasiwasi, na mtu mwenye wasiwasi hutafuta cha kushika. Alikuwa amefika mbali kwa huo mchezo, lakini alikuwa amekwama. Mshale ulizunguka, ukasimama, ukazunguka tena.

Zuhura akapangusa mikono kwa aproni. Akaenda akakaa kwenye kiti chake. Watu wakamwangalia kama mtu anayeshika waya wa stima.

Akashika mouse.

Wiki zote hizo alizokuwa akihukumiwa, alikuwa pia anaona. Alikuwa ameujifunza ule mchezo kwa kumwangalia Elder akikosea. Alichukua saba nyekundu iliyokuwa wazi muda wote, akaiweka juu ya nane nyeusi. Chini yake kukafunguka karata mpya.

Mshale ukashtuka. Mtu wa upande wa pili akauvuta kushoto. Zuhura akangoja kidogo, akauvuta kulia. Kushoto, kulia. Halafu ule upande mwingine ukaacha kabisa, na mimi nikamwona Elder kichwani mwangu, mikono hewani, akiangalia mouse yake iliyolala huku karata zinatembea.

Zuhura akaendelea kupandisha karata moja moja, bila haraka, kama anaingiza kilo. Mpaka ya mwisho.

Sasa, mliowahi kucheza mnajua kinachotokea ukishinda. Karata zinaanza kuruka. Zinadunda screen nzima, moja baada ya nyingine, zikiacha mkia.

Elder hakuwa anajua. Wiki zote hizo hakuwa amewahi kushinda hata mara moja.

Mlango wa ofisi ulifunguka kwa kishindo. Alivuka uwanja mbio, tai begani, akapita kibanda cha chai, akapanda jukwaa mbele ya watu wote akipiga kelele, "Zinaruka! Karata zinaruka zenyewe! Liko kwa ofisi! Limeingia kwa ofisi!"

Kisha akaona watu.

Mashine ya kupoza, naapa, ilikuwa imezima.

Cucu Peris akauliza, "Karata gani, Elder?"

Elder akaangalia ile screen ya jukwaani ambayo karata zake zilikuwa bado zinadunda juu yake, akageuka akaangalia ofisi, akarudi akaangalia screen tena. Ile nusu ya pili ya sentensi yangu ilikuwa inaingia, nikaiona ikiingia.

"Za... za mapumziko," akasema.

Nilifikiri hapo tumemaliza, wakuu. Nilikuwa tayari nimeanza kutabasamu. Lakini binadamu si rahisi hivyo.

Mwenyekiti akakohoa. Akasema, sawa, imeonekana aliyekuwa akicheza ni Elder, hilo litazungumzwa kivyake. Zuhura hana kosa la kamari. "Lakini," akasema, "hiyo kuruka je? Elder amecheza hizi siku zote na hazijawahi kuruka. Huyu mama ameshika mara moja, zimeruka. Sisi sote tumeona."

Na watu wakaitikia. Wakaitikia! Nikasikia damu ikinipanda. Nikaanza kueleza, nikataja pair, nikataja signal, mtu akaniambia nikae chini.

Zuhura ndiye alisimama. Sauti yake haikupanda.

"Nyinyi hamuamini kilo mpaka mseme nimeona," akasema. "Mimi sijawahi kukataa. Hata mvua ikinyesha nangoja mtu aone. Sasa na mimi nataka muone. Elder akae hapa kwa kiti changu, mbele yenu, acheze mpaka ashinde. Zikikataa kumrukia, mimi nitaenda nyumbani mwenyewe na hamtaniona tena."

Mwenyekiti akaangalia pasta. Pasta akaangalia chini. Cucu Peris akasema, "Ni haki. Kaa, Elder."

Basi mzee wa kanisa akakaa, adhuhuri, mbele ya wanachama wote na pasta wake, akacheza karata.

Wakuu, alikuwa mchezaji mbaya. Mara ya kwanza alikwama mapema sana. Akasema inatosha, Zuhura akasema haijatosha. Mara ya pili ikawa mbaya zaidi. Jasho lilikuwa linamtoka.

Lakini foleni ikaanza kuelewa mchezo. Wale ni watu wanaosoma mizani kutoka mbali, macho yao ni makali. Kwanza walinong'ona. Kisha mama mmoja akashindwa kuvumilia: "Si hiyo tisa iko hapo, Elder!" Kufika mchezo wa nne walikuwa wamemzunguka, mikono inaelekeza kioo, vijana wanabishana na wazee, mtu anasema weka hii, mwingine anasema ngoja kwanza. Yule mama aliyesema majini yanatoka Mombasa ndiye alikuwa na sauti kubwa kuliko wote.

Pasta alivumilia mpaka mchezo wa mwisho. Ndiye aliona karata ya mfalme. Alisogea, akainama sikioni kwa Elder, akasema polepole, "Ile ya maua. Peleka kwa ile nafasi tupu."

Elder akaipeleka. Chini yake kulikuwa na karata waliyokuwa wakiitafuta wote.

Zikaruka.

Hakuna aliyekimbia. Zilidunda, zikadunda, na watu wazima wakasimama wakiziangalia.

Cucu Peris akangoja mpaka zimalize. Halafu akauliza kwa upole kabisa, "Kwa hivyo Elder naye ako na jini?"

"Aca," akasema mwenyekiti haraka. "Hapana, Cucu. Hapana."

"Basi hakuna mtu ako nalo."

"Hakuna."

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijui vilikuwa vya Zuhura au vya ushindi wa mchezo. Nafikiri nusu kwa nusu. Zuhura hakushangilia. Alimgusa Elder bega akamwambia, "Toka kwa kiti changu," akakaa, akafunga karata, akarudisha ukurasa wa maziwa, akauliza nani hajapimiwa.

Elder alibaki manager. Jumatatu yake alinipigia niende nimtolee TV yake, nikaenda nikaitoa, hatukuongea mengi. Wale wa pickup walirudi mmoja mmoja.

Lakini ngojeni niwaambie kinachoniuma mpaka leo. Zuhura alikaa kazini pale miaka mingi baada ya hapo, na aliwahi kuniambia hakuna hata mmoja aliyemwomba msamaha. Sio mwenyekiti, sio pasta, sio yule mama wa Mombasa. Walirudi tu wakaanza kumsalimia kama kawaida. Yule wa mboga alirudi na mboga, mara mbili ya zile za zamani, akaziweka mezani akaondoka bila neno.

Nikamuuliza, ukazipika?

Akasema, "Nilizipika. Lakini zilikuwa chungu kidogo."

Nilichojifunza ni hiki. Kabla hujamwita mtu mchawi, fuata waya mpaka mwisho wake, kwa sababu kila waya una ncha mbili na mara nyingi mwenye kelele amekaa kwa ile nyingine. Na ukimfungia mkubwa kitu cha kuona wengine, mwambie mara mbili.

Uwanja ni wenu sasa. Wewe umewahi kubebeshwa kitu kilichotoka upande wa pili? Na kama kuna mtu wa pande za Ruiru au Theta aliyekuwa kwenye lile benchi, ajitokeze, hatutamuuma. Namba ya Zuhura ninayo. Bado hujachelewa.